Gololi za Fisi

Mdogo wangu Rabson ana kichwa kigumu, na nasema hivyo mimi niliyembeba mgongoni. Alikuja kwetu Mbalibali kutoka ofisini kwake Bomani na shotigani mpya ya mitutu miwili, kibali cha kuwinda kwale mfukoni, na donge la mwaka jana bado kooni. Mwaka jana aliwakosa kwale wote, na mume wangu Heche akamtania mbele ya wageni kwamba amekuja kuwinda mawingu.

Asubuhi hiyo, bakuli la uji mkononi, Rabson akaonyesha kopo juu ya kabati.

"Nipe risasi zile, shemeji. Moto umepita, nyasi zimebaki vipande vipande. Kwale wanaruka wakiwa mbali. Hizi zako ndogo hazifiki."

"Zile ni za fisi wanaokuja zizini," Heche akasema. "Gololi zilizomo ndani yake nene kama punje za mahindi. Zinampenya ndege, zinaendelea na safari."

"Si ndiyo uzuri wake?"

"Uzuri gani? Hatuna mbwa. Anayetangulia na fimbo kuwafurusha ni mimi. Hizi ndogo zikinipata kwa mbali, nitajikuna na kukutukana. Zile zikinipata, mura, mtaita watu wa kuchimba."

"Lakini wakiruka si unalala chini?"

"Nalala. Nalala kwa kukuamini wewe uliyesimama."

Akamhesabia risasi ndogo kiganjani. Akamwelekeza aanze na mtutu wa kulia, kwa kuwa ule unatawanya gololi, na wa kushoto autumie ndege akishakwenda mbali. Rabson akasema sawa, shemeji, huku akicheka. Sikukipenda kicheko kile. Tangu utotoni nakijua, akicheka hivyo ujue ameshaamua lake.

Wakaondoka. Nikaanza kukusanya mabakuli, na nilipoinua kitambaa cha kiti alichokalia Rabson nikakuta risasi ndogo zimelala pale, zote. Nikatazama juu ya kabati. Kopo lilikuwa wazi.

Nilitoka mbio bila viatu. Upande wa bonde kulikuwa kimya mno, hata ng'ombe wa jirani walikuwa wameacha kula. Niliogopa, jamani. Nilimlaani mdogo wangu na kumwombea kwa pumzi moja, maana akimuua mume wangu nitakuwa nimewapoteza wote wawili.

Nilipopanda kichuguu niliwaona. Rabson alikuwa upande wangu, bunduki begani. Ng'ambo ya kipande cha nyasi, Heche alikuwa anapiga vichaka kwa fimbo. Kwale wa kwanza akalia, na Heche akaanza kujilaza kama kawaida yake.

"Heche!" nikapiga ukelele. "Ana risasi za fisi!"

Ukelele wangu uliwarusha kwale wote kwa mara moja, chini chini, juu kidogo tu ya nyasi. Maneno sidhani kama yalimfikia. Sauti ya mkewe ilimfikia, akainuka kunitazama.

Bunduki ikalia. Kwale mmoja akaanguka, manyoya yakabaki yanaelea hewani.

"Nimempata!" Rabson akashangilia, akamkimbilia ndege wake.

Mimi nikampita mbio. Kule ng'ambo ya nyasi hapakuwa na mtu aliyesimama.