Silinda ya Mtani

Watu wa kijiji cha Tupendane walikuwa wakisema kwamba Lazaro wa kwenye Biblia alifufuliwa mara moja tu, lakini Lazaro wao anafufua magari kila mwaka. Haikuwa sifa ya bure. Pikapu ya kijiji, Pijo ya zamani isiyojulikana rangi yake, aliiunda yeye kwa mizoga mitatu: kichwa alikitoa Kimamba, kwenye shamba la mkonge ambalo mwenye mali alikwenda zake serikali ilipolichukua, injini aliichomoa kwenye gari lililoanguka mtoni, na bodi la nyuma aliliburura kwa ng'ombe wa Saruni Mmaasai kutoka porini, likiwa limeota kichaka ndani. Spea hazikuwepo. Ukienda Morogoro unaambiwa njoo wiki ijayo, ukirudi wiki ijayo unaambiwa meli haijafika. Basi gari likifa, Lazaro alilichinja. Ndivyo mafundi wanavyosema, kuchinja gari, na yeye alichinja kwa adabu, kila nati kwenye kopo lake, kila raba kwenye karatasi yake.

Dereva wa pikapu hiyo alikuwa Mathayo, na Mathayo alikuwa Mnyamwezi, na Lazaro Msagara. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Babu zake Mathayo walipita Kilosa enzi za misafara, pembe za ndovu mabegani; babu zake Lazaro wakawauzia chakula, wakagombana nao, wakapatana, na katika ugomvi ule na mapatano yale ukazaliwa utani. Mtani haombi, anachukua. Akibeba kuku wako ukanuna, mwenye aibu ni wewe. Na ukifiwa, mtani ndiye anayeshika jembe la kaburi, na huku anachimba anamtukana marehemu mpaka wanaolia wacheke.

Hawa wawili waliufanya utani kama kazi ya pili. Mathayo alimwita mwenzake mtumwa wangu, Lazaro akamwita mpagazi. Mathayo aliondoka na jogoo wa Lazaro siku ya Krismasi, akamwachia miguu mlangoni. Lazaro naye alianua suruali ya Mathayo kambani, akaivaa kwenye sherehe za Saba Saba mbele ya mwenyekiti wa kijiji, fupi hiyo, imeishia kwenye ugoko. Wake zao, Magreti wa Lazaro na Regina wa Mathayo, walikwisha kuchoka. Wakawa wanarudishiana sufuria zilizoibwa bila hata kuulizana.

Sasa, kilichomuuma Lazaro ni kabureta. Alihangaika masika nzima kuitafuta, kwa ajili ya pikapu ya pili aliyokuwa anaijenga iwe ya zahanati, maana wagonjwa walikuwa wakibebwa kwa machela mpaka barabara kuu. Akaipata, akaisafisha, akaiweka rafuni gerejini kwake. Mathayo akaichukua mchana kweupe, akaifunga kwenye gari lake, na pale rafuni akaacha kipande cha muhogo wa kuchoma kilichoumwa mara moja. Jioni kilabuni akawasimulia watu, wakacheka mpaka wakamwaga pombe. Lazaro naye alicheka, anaijua sheria. Lakini moyoni alichukia, tena alichukia hasa, na akaapa kwamba mpagazi yule atalia kwa kulipizwa.

Akaandaa mtego. Kwenye gari kuna kitu kinaitwa masta silinda, ndicho kinachosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli. Kikifa hicho, pikapu zile hazina breki hata kwenye gurudumu moja. Cha pikapu ya kijiji kilikuwa kinavuja tone tone. Mathayo aliendesha huku akikanyagakanyaga ili kishike, na kila mtu alijua anakitolea macho kingine. Lazaro alikuwa na kimoja kilichokufa kabisa, kutu imekila ndani, raba zake zimekauka na kusinyaa. Akakisugua kwa msasa. Akakitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, raba na vyote, akakiacha kilale humo, maana kilikuwa takataka, hakuna cha kuharibu. Alipokitoa kiling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Akakifunga kwenye gazeti, akakiweka rafuni, pale pale ilipokuwa kabureta.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mathayo ataiba. Atalala chini ya gari kutwa nzima akifunga, atajaza mafuta, atakanyaga pedeli, na pedeli itazama mpaka sakafuni pale pale uwanjani, kijiji kizima kikimtazama. Magreti alimwuliza mbona anachekacheka peke yake. Akamjibu kwamba kuna mpagazi anakuja kubeba mzigo usio wake.

Kesho yake akaitwa Malolo, kuna pikapu imetelekezwa huko, aje aone kama ina chochote cha kuchinjwa. Akadandia lori, akalala huko, akarudi asubuhi na gunia la vyuma mgongoni. Akafungua gereji. Rafuni hapakuwa na gazeti wala silinda, palikuwa na kipande cha muhogo kimeumwa mara moja.

Lazaro alicheka kwa sauti, peke yake. Akaacha gunia chini, akaenda kwa Mathayo moja kwa moja akamwone mtu anavyotoka jasho.

Uwanja ulikuwa mtupu. Regina alikuwa akipepeta mahindi, akamkaribisha kwa maneno yao ya siku zote, kwamba mwizi kaja kumfuata mwizi. Akamweleza kwamba Mathayo alifunga kile kitu chake jana, akalizungusha gari uwanjani, akasema tangu ashike usukani hajaona breki tamu vile. Alfajiri wameondoka kwenda Kilosa kuchukua mbegu za pamba. Magreti naye kapanda, kaenda kumwangalia dada yake.

"Pedeli ilisimama?" Lazaro aliuliza.

"Ilisimama, mtani. Kwani ulitaka ilale?"

Hapo ndipo alipokumbuka mafuta ya taa. Hata anayejifunza ufundi huambiwa siku ya kwanza: raba ya breki haioshwi kwa mafuta ya taa. Inayanywa, inavimba. Raba zile zilizokuwa zimesinyaa zimekunywa zikavimba, zikaijaza silinda na kubana, na ndiyo maana pedeli imesimama. Lakini raba iliyovimba hivyo ni laini kama ugali mbichi, na ndani ya silinda ile kuna kutu kali ya kuikata. Itashika uwanjani. Itashika tambarare. Njia ya Kilosa si tambarare yote, na handibreki ya pikapu ile haijapata kufanya kazi tangu ilipokuwa kwenye shamba la mkonge.

Alimwacha Regina na mahindi yake. Alikimbia kwake, akachukua baiskeli, akashika njia ya Kilosa bila hata maji ya kunywa. Alikanyaga huku anajidanganya: labda wamesimama Zombo, labda injini imechemka, labda Mungu kawatobolea tairi. Kila aliyemkuta njiani alimwuliza kama kaiona pikapu, na kila mmoja alimjibu kwamba ndiyo, imepita, Mathayo kapiga honi na kuwapungia mkono. Kila aliposikia kwamba imepita alifurahi, kisha akaogopa zaidi. Mama yake alikuwa akimwambia tangu utotoni, mzaha mzaha hutumbuka usaha, naye aliyachukulia kama maneno ya kufukuzia watoto wanaopigana.

Mbele ya kijiji cha Ulaya njia inateremka kwenda mtoni. Juu ya mteremko alikuta kundi la watu, akashuka kwenye baiskeli kabla hajafika, akaiacha ianguke. Magreti alikuwa amekaa ukingoni, mkono wake umefungwa kwa kipande cha khanga. Lazaro alipomwona anapumua akakaa chini mavumbini. Halafu akatazama kule chini. Pikapu aliyoiunda kwa mizoga mitatu ilikuwa imelala kichwa chini kando ya daraja, na pembeni mwake, juu ya mchanga, khanga ya pili ya Magreti ilikuwa imemfunika mtu.

Magreti alimsimulia bila kulia. Wakati gari linateremka, darajani kulikuwa na wanawake na watoto wametoka kuchota maji. Mathayo alikanyaga breki, ikazama. Akapiga honi, wale darajani wakaduwaa. Angeweza kuwagonga apite moja kwa moja, hakuwagonga. Alikata usukani kuelekea korongoni.

"Lakini kabla hajakata alicheka," Magreti alisema. "Alikanyaga mara moja, akakanyaga tena, akacheka. Akasema, mtumwa wangu kanipata leo. Ndipo akanisukuma nje. Alikuwa anasema nini, baba Petro?"

Lazaro alisema hajui.

Wakamrudisha Mathayo Tupendane kwa lori la watu waliokuwa wakipita. Asubuhi ya maziko macho yote yakamgeukia Lazaro. Wasagara wengine kijijini wapo, lakini mtani wa karibu wa marehemu ni yeye. Nani mwingine ashike jembe? Alilishika. Alichimba kwa hasira, udongo ukawarukia watu, wala hakumtania marehemu. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba mtani gani huyu, anamnyima mwenziwe haki yake ya mwisho. Wengine wakamtetea, ati kazidiwa na uchungu, walipendana mno.

Regina ndiye aliyewatisha watu. Tangu apewe habari hakula, hakulia, hakusema neno. Amekaa mkekani anatazama ukuta. Wanawake walimwita jina, wakamfinya, hakugeuka. Bi Mwamvua, jirani yake na mkubwa wa wanawake wote pale, alitoka akamfuata Lazaro kaburini. Alimwambia kwamba machozi yakimkaa mtu kifuani yanamwua, na kwamba dawa yake anayo yeye na anaificha. Akamwomba, kwa heshima yote, afanye kazi ya mtani.

Lazaro alitoka shimoni na udongo wake. Akaenda akasimama mbele ya mkeka wa Regina, jembe bado mkononi, watu wakasogea. Alikuwa hakulala. Maneno alikuwa ameyaficha tangu mtoni, na sasa alikuwa ameombwa kusema, basi akayatoa.

"Sikilizeni nyote. Mathayo nimemuua mimi."

Akawageukia wanaume.

"Ile silinda ilikuwa mbovu. Niliing'arisha mwenyewe, nikaiweka rafuni makusudi aje aiibe. Nilimtegea kama panya, naye akaingia kichwa kichwa."

Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, akacheka kwa pua. Mzee mmoja Mnyamwezi akatingisha kichwa, akasema Wasagara hawa bwana, hata kifo wanataka kujisifia nacho. Kicheko kikapita kwa wanaume, kikafika kwa wanawake. Watu walikuwa wamebanwa tangu jana, walikuwa wanakitafuta.

"Sifanyi utani!" Lazaro alipaza sauti. "Ninawaambia kweli, nimemuua, nikamateni!"

Ah, hapo ndipo alipowamaliza. Si ndivyo hasa asemavyo mtani akitaka kuwavunja watu mbavu? Waliinama, wakashikana mabega. Kijana mmoja akajitia askari, akamshika Lazaro mkono na kumwambia twende kituoni, na hilo nalo likachekwa. Na Regina akageuka kutoka ukutani. Akamtazama Lazaro, udongo usoni, jembe mkononi, mdomo wazi. Akacheka. Alicheka kidogo, akacheka sana, kisha kicheko kikakatika na machozi yakamtoka kwa kishindo, na wanawake wakamkumbatia huku wakimshukuru Mungu. Bi Mwamvua alimpiga Lazaro begani, akamwambia, "Umemponya, mwanangu."

Lazaro alibaki amesimama. Maneno ya kweli alikwisha kuyatumia, na hayo ndiyo yaliyochekwa.

Regina alipotulia alikumbuka kwamba mtani haachwi aende mikono mitupu. Akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye gazeti lile lile. Ilikuwa silinda ya zamani, ile iliyokuwa inavuja. Akasema Mathayo ndiye aliyeagiza: mtumwa akirudi kutoka Malolo mpe hii badala ya ile yake, asije akasema sisi wezi.

Lazaro aliipokea kwa mikono miwili. Kwa mazoea tu, bila kufikiri, aliziba tundu kwa kidole gumba akasukuma upande wa pili. Nayo ikamsukuma. Akasukuma tena. Tone moja la mafuta lilitoka ukingoni likamlowesha kiganja, lakini silinda ilishika. Hii ingefika Kilosa. Kwa kukanyagakanyaga kama alivyozoea, Mathayo angekwenda nayo na kurudi nayo.

Watu walikuwa bado wanafuta machozi ya kicheko. Magreti peke yake hakuwa amecheka. Alisimama kwenye nguzo ya baraza, mkono umening'inia kwenye khanga, akaitazama silinda mkononi mwa Lazaro, akamtazama usoni, na midomo yake ilikuwa ikirudia polepole, bila sauti, maneno aliyoyasikia ndani ya gari: mtumwa wangu kanipata leo.