Siku ya Kuhesabu Miti ya Mama Véronique

Sheria ile niliiandika mimi, Raphaël, karani wa baraza la cité ya Kasongo, yaani mji wa wenyeji, kwa mkono wangu na kwa wino wa serikali, wala sitaki asingiziwe mtu mwingine. Ilikuwa mwaka 1956. Bwana Administrateur, Mbelgiji mkuu wa wilaya, alituletea wazo: mji ununue shamba la Mama Véronique, mkunga wetu, lililokuwa kati ya soko na njia ya Kabambare, liwe bustani ya watu wote. Lisijengwe, lisilimwe. Watu wakae kivulini wapumzike, basi.

Barazani tulicheka kwanza, kisha tukagombana.

"Mutu ananunua udongo juu ya kukaa tu?" Célestin, mwenye duka, alipiga meza. "Kivuli iko bure! Watu hawana pa kulala. Tukate ile miti, tugawe parcelles, kila mutu na kiwanja chake."

"Wewe unauza misumari na mabati," akamjibu Mzee Hemedi, mshona kanzu. "Ndiyo maana kila mahali unaona nyumba. Ile miti haiko ya Véronique peke yake. Vitovu vya watoto wangu saba viko pale."

Desturi hiyo tuliijua wote. Mama Véronique akimzalisha mtu, alizika kitovu cha mtoto shambani mwake na kupanda mti juu yake, na mti ule ukawa wa mtoto. Mchikichi, mparachichi, mlimau, mti wowote uliopatikana mche wake siku hiyo. Tuliijua kama mtu anavyojua kwamba ana mifupa. Hakuna aliyewahi kukaa akaihesabu.

Na mimi? Mimi nilitaka kiwanja. Miaka sita nilikuwa nikiishi na mke wangu Mathilde katika chumba kimoja nyuma ya duka la Célestin, tukilala ubavu kwa ubavu na mapipa ya mafuta ya mawese. Nilipomtoa kwao, kijiji cha Wamaza, nilimwahidi nyumba. Akazaliwa binti yetu Cécilia, nyumba bado. Célestin alikuwa ameninong'oneza kwamba miti ikikatwa, kiwanja cha kwanza, kwenye kona ya njia, ni changu.

Basi baraza lilipogawanyika nusu kwa nusu, nikajitia mpatanishi. Nikaandika: Jumapili ya tatu tangu leo, mwenye mti aje aweke mkono juu yake, au aje mtu wa kumjibia, aape mbele ya watu kwamba anasimama badala yake. Kila mti ukipata mkono, mji utanunua shamba lote liwe bustani. Ukibaki hata mmoja, shamba litapimwa viwanja, tukianzia pale penye mti huo. Wote wakakubali. Bwana Administrateur akanisifu kwa Kifaransa, nami nikavimba kichwa. Nilijua wangapi wameondoka kwenda migodi ya Kalima, wangapi wamezikwa. Ulikuwa mtego, na niliuona mtego mzuri.

Jumapili niliingia shambani na daftari langu, nikasimama kama niliyepigwa ganzi.

Watu walikuwa wamejaa tangu alfajiri. Wa Nyangwe walikuwa wamekuja kwa mitumbwi, wa Kabambare kwa miguu, siku nne njiani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Wenye kanzu na wenye rozari shingoni walikuwa wamechanganyika, na kila mmoja alisimama kwenye shina lake, kiganja juu ya gome. Nilisikia majani.

Mama Véronique alitangulia, mimi nyuma yake na penseli. Hakuwa na karatasi, kusoma hakujua. Alipapasa kila mti akasema jina la mtoto, jina la mama, na jinsi alivyokuja duniani. "Huyu alitoka miguu mbele. Huyu alizaliwa siku ya mvua ya mawe. Huyu hakulia, nikamupulizia mie mwenyewe." Mzee mwenye mvi akainamisha kichwa akisikia kwamba hakulia. Mama mmoja alisimama kati ya miti miwili, amenyoosha mikono yote miwili kuifikia, kwa kuwa wanawe wote wako Kalima. Baba mwingine alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mlimau wa binti yake aliyekufa, na sikuthubutu kumwuliza chochote, niliandika tu.

Mia moja. Mia na hamsini. Mia mbili. Miaka kumi nilikuwa karani wa mji huu nikidhani mji ni njia, maduka na majina daftarini. Kumbe mji wenyewe ndio huu, umesimama mbele yangu, na bibi mmoja anaubeba wote kichwani bila kudondosha hata mtu mmoja. Nilishikwa na hofu, hofu ya kuingia mahali pakubwa kuliko mimi. Hata Bwana Administrateur alikuwa amevua kofia, na sikuona nani alimwambia avue.

Mti wa mwisho, wa mia mbili na kumi na mbili, ulikuwa mparachichi, kona ya njia. Haukuwa na mtu.

Mama Véronique aliupapasa muda mrefu. "Mama yake alikuwa anapita njia, anaenda Wamaza. Akajifungua hapa, akalala siku tatu, akaenda. Mutoto mwanamuke. Jina hakuniachia."

Nilimwona Célestin akinitazama, akaniashiria kwa kichwa: haya, maliza.

"Iko nani wa kumujibia?" niliita. Nani ataapa kwa ajili ya mtu asiyemjua, mahali kama pale? Niliita mara ya pili. Mwito ni mara tatu, na sasa ulibaki mmoja tu. Nyumba niliiona kabisa, mlango wake na madirisha yake.

Mathilde akatoka katikati ya watu, Cécilia mgongoni. Aliijua kona ile. Nilikuwa nimemleta jioni nyingi, akapima kwa hatua zake mahali pa jiko. Akaja mpaka kwenye mparachichi, akaweka mkono.

"Baba Cécilia, andika."

Nilimsogelea. "Mama Cécilia," nilinong'ona, "hapa ndipo nyumba yetu."

"Ninajua." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Ninaitaka kuliko wewe. Lakini huyu iko mutoto wa mutu, na hapa watu wote wameitwa. Andika: Mathilde anamujibia. Naapa mbele ya Mungu na mbele ya Mama Véronique."

"Hata hamujui huyo mutoto!" Célestin alifoka. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Niliandika. Penseli ilivunjika katikati ya jina lake, nikamalizia kwa kipande kilichobaki. Kisha nikabana daftari kwapani na kuweka mkono wangu kando ya wake. Gome lilikuwa na joto la jua. Bwana Administrateur aliniita nikajumlishe, akaniita tena, nami nilikuwa bado nimesimama pale.