Walinzi wa Bampa

Gari la Wilfred lilikuwa jekundu lilipoingia gereji kwetu, Buzebazeba. Ilikuwa Datsun ya zamani ya milango miwili, pua ndefu, mgongo mfupi, imelala chini kama mnyama anayetaka kuruka. Baba mdogo Adolf aliacha chai yake akalizunguka gari.

"Mwakeye, Mzee Adolf," Wilfred alisalimia akishuka.

"Mwakeye. Hili si gari la marehemu baba yako?"

"Ndilo. Sasa nataka lisifanane na marehemu."

Alicheka peke yake. Baba yake alikuwa na mashamba ya kahawa Kalinzi, na gari hilo alilitoa bandani Jumapili tu. Wilfred yeye alikuwa ameanza kulishusha ziwani, kwenye fukwe za huko Ilagala, akiwa na marafiki zake.

Alimwonyesha baba mdogo, ambaye mimi humwita baba tu, kila kitu kwa kidole. Vioo vya pembeni vilivyokaa mbele, juu ya madigadi, vihamie milangoni. Taa ziwe mpya. Rangi iwe ya jivu. Na kwanza kabisa, kabla ya yote, vitolewe vile vyuma viwili vilivyosimama juu ya bampa ya mbele. Sisi mafundi wa bodi tunaviita walinzi, kwa sababu kazi yake ni kupokea pigo kabla bampa haijaumia.

Baba alichuchumaa. Mlinzi wa kushoto alikuwa ameinama kidogo. Mpira wake wa asili ulishaoza miaka mingi, na mtu alikuwa amekata kipande cha kandambili ya bluu akakifunga pale kwa skrubu mbili.

"Huyu amepinda. Umegonga nini?"

"Mbuzi. Pale Simbo. Mwenye mbuzi kala nyama yake, hasara nimebaki nayo mimi."

Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kompresa na kipande cha msasa mkononi.

"Na huyu binti hajui salamu?"

"Skolastika ana aibu tu, msamehe," baba alisema.

"Aibu kwenye gereji! Mume atampata wapi, ndani ya boneti?"

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakijaza upepo walicheka. Niliinamisha kichwa. Tangu mama afariki na mimi kuacha shule nikiwa darasa la tano, baba mdogo ndiye aliyenilea, na ndiye aliyekuwa akinisemea. Mteja akiuliza, alijibu yeye. Akinisalimia, aliitikia yeye kwa niaba yangu, kisha akanikonyeza.

Nati za wale walinzi zilikuwa zimeshikana na kutu. Tulizilowesha dizeli, tukazipasha moto wa gesi, baba akazipiga kwa nyundo mpaka zikakubali. Matundu yaliyobaki kwenye bampa aliyaziba kwa kuchomelea, mimi nikayasawazisha kwa puti na msasa wa maji. Nilipopitisha kiganja sikusikia tena mahali walipokuwa. Gari lilianza kuwa na uso mwingine. Nakiri nililipenda.

Kwetu, kitu kilichotolewa kwenye gari ni cha fundi, isipokuwa mwenyewe akisema mapema, kabla nati ya kwanza haijalegea. Wilfred hakusema. Kama mafundi wote wa barabara ile, baba aliwasugua wale walinzi kwa majivu mpaka wakang'aa, akawatundika kwenye uzio, upande wa barabarani. Watu wa boti hupenda vyuma vya namna hiyo, wanavipigilia mbele ya boti zao kama pambo. Kile kipande cha kandambili hakukitoa. Alisema mnunuzi atakitoa mwenyewe.

Siku ya kupiga rangi ya mwisho, Wilfred alikuja kuangalia. Gari lilikuwa chini ya turubai la kuzuia vumbi, limeshakuwa jivu pande zote. Yeye alikaa kwenye benchi ndani ya banda akichezea simu. Baba alikuwa nje, mlangoni pa uzio, akiosha bunduki ya rangi kwa thina.

Lori lilipita likitokea upande wa hospitali. Nyuma walikuwa wamejaa watu, wanawake wamejifunga khanga viunoni, na katikati yao jeneza. Lilipita, likafunga breki ghafla, likarudi kinyumenyume mpaka usawa wa uzio wetu.

Mwanamume mmoja aliruka chini kabla halijasimama sawasawa. Alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikwenda moja kwa moja kwenye uzio, akamshika yule mlinzi aliyepinda, akakigusa kile kipande cha bluu kwa dole gumba.

"Ndiyo hii," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akapiga kelele, "Ndiyo hii! Jamani, chuma kilichomuua Rahabu ndiyo hii!"

Jina lake Emmanueli. Nililijua kwa sababu wanawake walianza kumwita, wakimwomba arudi juu. Rahabu alikuwa mke wake. Alikuwa akianika dagaa kando ya barabara ya Ilagala, gari jekundu likamzoa na kuondoka. Yeye Emmanueli alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akaona bampa ikimjia mkewe, akaona ile bluu.

"Gari liko wapi?" alimwuliza baba.

"Gari gani, ndugu yangu? Karibuni kwanza, poleni na—"

Emmanueli alikichomoa kile chuma uzioni, akampiga nacho mdomoni. Nilisikia mfupa. Baba alianguka magotini, mikono usoni, na damu ikapita katikati ya vidole. Wanaume wengine walikuwa wameshashuka. Hawakuja na silaha. Silaha walizikuta kwetu: mpini wa jeki, spana za matairi, nyundo za bodi nilizozipanga mwenyewe asubuhi.

"Sema! Dereva ni nani?"

Baba alijaribu. Taya lilikuwa limehama, na maneno yalitoka kama maji yanayochemka. Akanyoosha mkono kuelekea bandani.

"Anataka kupiga! Mshike mkono!"

Wakauvunja ule mkono kwa mpini wa jeki.

Nilipiga kelele. Nilisema, "Mwacheni, si lake, si gari lake!" Nilisema hivyo mara nyingi, lakini sauti yangu haikuwahi kufunzwa kufika mbali, na wanawake kwenye lori walikuwa wakilia kwa nguvu zao zote. Mtu mmoja alinisukuma kwa kiwiko bila hata kunitazama.

Hapo nikamwona Wilfred. Alikuwa ametoka bandani. Nilidhani amekuja kusema. Alichukua spana chini, akajipenyeza katikati ya watu wa Ilagala kama mmoja wao, akampiga baba mbavuni.

"Huyu ndiye mwenyewe!" alipaza sauti. "Tunamjua hapa! Anaficha magari ya wauaji! Mmalizeni!"

Baba alimtazama kutoka chini. Jicho moja lilikuwa limeshafunga. Wilfred akainua spana tena, safari hii akilenga kichwa. Mtu wa jirani yake alimgonga bega, ikamkosa baba, ikachimba udongo. Nikaelewa kwamba hataacha. Wale wengine walikuwa na hasira, na hasira huchoka. Yeye alitaka baba asiweze kusema kabisa.

Nilikimbilia gari. Nilivuta turubai lote likaanguka. Nikachovya kitambaa kwenye kopo la thina, nikakisukumia kwenye mlango, nikasugua kwa mikono miwili. Rangi ilikuwa bado mbichi. Ile ya jivu iliyeyuka ikatiririka, ikafuata ile ya chini yake, na katikati ukatokea wekundu, kwanza mdogo, kisha mpana kama sinia. Thina iliingia kwenye mipasuko ya vidole vyangu ikawaka. Sikuacha.

Mwanamke mmoja juu ya lori ndiye aliyeona.

"Emmanueli! Tazama huko! Jekundu! Gari ni jekundu!"

Kelele zilipungua. Emmanueli alikuja na kile chuma mkononi, akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Alitazama mlango. Alikwenda mbele, akapitisha kiganja juu ya bampa, pale pale nilipopitisha mimi, lakini hakusikia kitu.

"Dada. La nani hili?"

Watu wote walinitazama. Nilitaka baba anisemee. Alikuwa amelala kwenye matope ya damu yake, akijaribu kuvuta pumzi.

"La huyo," nilisema. "Mwenye shati jeupe. Alituambia amegonga mbuzi."

"Mbuzi," Emmanueli alisema.

Wilfred alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. Aliitupa spana kama inayomchoma, akakimbilia uzio wa nyuma, akapanda. Walimvuta kwa miguu. Seng'enge ilimchana tumbo alipokuwa anashuka. Nilisikia akisema jina la baba yake, na mashamba, na kwamba watapewa chochote wanachotaka. Kisha akaanza kuita, "Mzee Adolf! Mzee Adolf, waambie!"

Sikutazama tena. Nilipiga magoti nikakiinua kichwa cha baba mapajani. Lakini masikio hayana kope. Nilisikia mapigo yakibadilika sauti, kutoka makavu hadi yenye maji. Walilipindua pia gari, wakalivunja vioo, wakalichana bodi kwa nyundo.

Aliyewazuia alikuwa mama mmoja mzee, aliyekuwa amekaa juu ya lori karibu na jeneza muda wote.

"Emmanueli, mwanangu," aliita. "Mkeo anapigwa na jua."

Waliacha. Walipanda lori mmoja mmoja, wengine wakiwa na nyundo zetu mkononi bado, kama waliozisahau. Emmanueli alipita karibu yetu. Alimtazama baba, akapanda. Lori likaondoka kuelekea Ilagala.

Wilfred alikuwa kwenye seng'enge. Alipumua kidogo, kwa kukatakata, kisha hakupumua tena. Majirani walianza kuchungulia, na mtu alikuwa akiongea na polisi kwa simu.

Baba alinigusa shavu kwa mkono uliobaki mzima. Akamwonyesha Wilfred kwa kidevu kilichopinda, kisha akainua nyusi. Nilielewa anauliza ni nani aliyewaambia.

"Mimi," nilisema.

Alinitazama. Sijui aliona nini. Kisha akajishika begani kwangu, akakunja goti moja, na mimi nikasimama naye, nikiubeba uzito wake wote, tukaanza kutoka kwenda barabarani kutafuta gari la kutufikisha hospitali.