Kijisanduku cha Bi Kazija

Kijiji kizima cha Msuka kililalamika kuwa simu zinakatika, na kama kawaida lawama zote tukabebeshwa sisi mafundi wa mnara. Nilishachoka kutukanwa. Nikazunguka mitaani na antena yangu ya mkononi, watu wakinicheka kwamba nimekuja kuvua samaki nchi kavu, mpaka kipimo kikanifikisha kwenye nyumba moja ya mawe yenye bati jipya.

Antena nyingine ilikuwa imetundikwa chini ya paa, pembeni kabisa mwa dirisha. Nikaelewa papo hapo, nikapandwa na hasira. Kuna mtu kaweka kijisanduku cha kuvuta mtandao, antena na sanduku vikakaribiana mno, kikawa kinajisikia chenyewe na kupiga kelele, kama maikrofoni ya msikitini ikisogezwa kwenye spika. Kelele hizo ndizo zilizouziba mnara masikio. Amri ya ofisi ilikuwa fupi: chomoa, chukua.

Nikapiga hodi kwa nguvu.

"Karibu, lakini usingie," sauti ya mama mtu mzima ikanijibu nyuma ya pazia. "Mie nimo edani."

Hasira zikaniishia pale mlangoni. Nikatoa salamu, nikampa pole ya kufiwa na mumewe, nikajitaja: Haroub, fundi wa simu. Yeye akasema ni Bi Kazija. Nikamweleza taratibu kilichonileta.

"Kanitumia Yumna, binti yangu, yuko Maskati," akasema. "Kuno ndani simu haishiki, na kutoka sitoki. Lakini hata tangu nitundikiwe hajanipata. Ukichukua ndo atanipataje?"

Amri ya ofisi nikaiweka kando. Nikaihamishia antena upande wa pili wa nyumba, kuta zikawa katikati. Bi Kazija naye, nikimwelekeza kupitia pazia, akakisogeza kijisanduku na kukipunguza nguvu. Kipimo kikatulia. Barazani kwa majirani simu zikaanza kulia, jumbe za watu waliowatafuta zikiingia kwa mkupuo.

"Na yako, Bi Kazija?"

"Mtandao umejaa," akasema. "Ujumbe hamna."

Tukasubiri. Mimi nilijua, na nadhani naye alianza kujua: jumbe za namna ile hazipotei, zikikosa njia hungoja; za Yumna zingekuwa zimeshaingia. Nilitamani ningeuacha mtandao wake vilevile, mbovu.

Lakini kazi yetu haifungwi bila simu ya majaribio. Nikamwomba namba, nikaenda kusimama kwenye gari la ofisi, nikapiga. Mlio wa kwanza haukuisha.

"Yumna! Yumna mwanangu!"

"Ni miye, Bi Kazija. Haroub, fundi. Najaribu laini."

Nilimsikia akivuta pumzi, safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Yasikika vizuri," akasema. "Usikate kwanza, mwanangu."