Ukurasa wa Sita wa Viwango Vipya

Jumatatu ya pili ya Juni, saa tatu asubuhi, mkunga Perpetua Binwag alibandika kurasa tano za viwango vipya kwenye ukuta wa kituo cha kujifungulia cha Amdalao. Alitumia wali. Alichukua punje za wali wa jana, akazisaga kwa kidole gumba nyuma ya kila karatasi, kisha akaikandamiza karatasi kwenye mbao za msonobari mpaka ikashika. Kifungu cha kwanza kilitaka viwango vyenyewe vibandikwe mahali pa wazi, kwenye kimo cha macho, na Perpetua alikuwa mtu wa kufuata vifungu.

Kituo kilikuwa kimefungwa tangu Aprili ya mwaka uliotangulia. Idara ya leseni ilisimamisha vituo vyote vya milimani hadi viwango vya majengo na usalama vitakapoandikwa upya, ikapitisha utepe wa njano mlangoni na kumwambia mkunga asubiri. Viwango vilichukua miezi kumi na minne kuandikwa. Kabla ya utepe, watoto mia nne na kumi na wawili walikuwa wamezaliwa ndani ya nyumba ile.

Jumanne asubuhi korido, ambayo tangu mwanzo ilikuwa na upana wa sentimita mia na ishirini, ilikuwa na mia mbili na arobaini, kama kilivyotaka kifungu cha nne, ili machela mbili ziweze kupishana. Kuta zilikuwa zimeachana sawasawa. Mbao hazikupasuka, zilikuwa zimeongezeka tu, zenye umri uleule na kutu ileile ya misumari. Perpetua alipima mara mbili, akaandika kwenye daftari la siku. Jumatano ngazi mbili za mbele zilikuwa njia ya mteremko yenye vipimo vya kifungu cha sita. Alhamisi mlango wa dharura ulitokea nyuma, ukifungukia nje. Ijumaa mtungi wa oksijeni, pampu ya kunyonya ute na mfuko wa kumpulizia hewa mtoto asiyepumua vilikutwa vimefungwa kwa vyuma kwenye ukuta wa chumba cha kujifungulia, mfuko ukiwa sentimita mia na arobaini kutoka sakafuni. Kifungu cha kumi na moja kilisema vifaa vya kuokoa uhai viwekwe mahali maalumu na visiondolewe.

Hakuna aliyepoteza muda kulishangaa jambo hilo. Chini ya sakafu ya kituo yalikuwa yamezikwa makondo ya nyuma ya watoto wote waliozaliwa humo, kila moja ndani ya chungu chake kidogo, kwa sababu mtoto ambaye kondo lake limetunzwa hukua akisikia anachoambiwa. Watu waliona ni kawaida kwamba nyumba iliyokalia vyungu mia nne na kumi na viwili nayo husikia inachoambiwa. Malalamiko yalitoka kwa mtu mmoja, mzee Tayaban, jirani wa upande wa mashariki.

"Manang, kituo chako kimekula banda langu la nguruwe," alisema akiwa ameegemea ua, akimwita kwa jina la heshima la dada mkubwa.

"Si mimi, Apo, mzee wangu. Ni kifungu cha nne."

"Basi kiulize kifungu cha nne, nguruwe wangu alale wapi. Kwa mke wangu hapafai, nimeshalala huko miaka hamsini."

Nguruwe alilala siku tatu kwenye mlango wa dharura. Siku ya nne, kwa mujibu wa kifungu kilichohusu wanyama, alikutwa ng'ambo ya barabara, mzima, akila.

Jovelyn Tuguinay alikuja kila siku kutazama. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwezi mmoja baada ya utepe wa njano, ndani ya gari la abiria lililokuwa limesimama nyuma ya maporomoko ya udongo, kati ya magunia ya kabichi. Mtoto hakupumua, na ndani ya gari hakukuwa na kifaa cha kumpulizia. Safari hii Jovelyn alitaka jambo moja: kujifungua katika chumba chenye ule mfuko wa hewa. Alisimama dirishani, akauangalia ukiwa ukutani, akarudi nyumbani kupika.

Ukurasa wa sita ulikuja peke yake, wiki mbili baadaye, ndani ya bahasha. Barua iliyoambatana nao ilieleza kwamba kamati ilichelewa kukubaliana. Ulikuwa na kifungu kimoja. Kilisema hakuna kituo cha kujifungulia kitakachokuwa zaidi ya kilomita mbili kutoka hospitali yenye chumba cha upasuaji, na kwamba vituo vilivyopo vinapewa siku sitini kutimiza sharti hilo. Hospitali ya namna hiyo ilikuwa Lagdaw, kilomita arobaini na moja kwa barabara. Perpetua aliusoma akiwa amesimama, akautia kwenye droo ya meza yake, akafunga kwa ufunguo.

Mkaguzi alifika tarehe nane Julai. Aliitwa Teodulfo Abrenica, injinia wa majengo, mtu mpole mwenye viatu visivyofaa kwa matope. Alipima korido, akapata sentimita mia mbili na arobaini na moja, akaandika hivyo. Perpetua alimwomba apime tena. Safari hii zilikuwa mia mbili na arobaini kamili, naye akakata ile namba ya kwanza na kuweka sahihi pembeni. Alipima mteremko, madirisha, kimo cha sinki. Hakuuliza fundi alikuwa nani. Alipomaliza alisimama mbele ya karatasi zilizobandikwa, akazihesabu kwa kalamu.

"Manang, ukurasa wa sita uko wapi?"

"Kwenye droo."

"Unatakiwa uwe hapa."

"Nikiubandika, nyumba itaondoka, Injinia."

Abrenica alitazama kuta. "Inawezekana," alisema. "Lakini hilo silikagui mimi. Mimi nakagua kama umebandikwa."

Perpetua alimweleza mambo ambayo mkaguzi alikuwa anayajua: kwamba wanawake wako huku, hospitali iko kule, na kwamba kituo kilijengwa huku kwa sababu hiyo hiyo ya hospitali kuwa kule. Abrenica alikubali kila neno. Alisema walioandika kifungu hicho walikaa hotelini siku tatu, na kwamba yeye aliitwa siku ya pili tu, kueleza upana wa milango. Alisema asipouona ukurasa ukutani itabidi aandike kuwa kituo kimekataa viwango, na kituo kilichokataa hufutwa kwenye orodha moja kwa moja. Akiuona, leseni itatoka ndani ya siku kumi.

"Leseni ya kituo kipi?" Perpetua aliuliza.

"Cha Amdalao."

Mkunga alikaa na kupiga hesabu kwenye daftari. Kilomita thelathini na tisa kwa siku sitini ni mita mia sita na hamsini kwa siku. Baada ya siku kumi nyumba itakuwa kilomita sita na nusu, karibu na daraja, umbali ambao mjamzito anaweza kubebwa. Ikiwa na leseni, Jovelyn angeingia mapema na kungoja humo humo mpaka siku zake, mwishoni mwa Agosti. Perpetua alifungua droo, akaomba wali kwa mke wa mzee Tayaban, akaubandika ukurasa. Mkaguzi aliweka alama ya vema, akashukuru kwa kahawa, akaondoka kabla ya mvua.

Kesho yake asubuhi nyumba ilitoka kwenye msingi wake. Haikuwa na haraka. Ilikwenda mita ishirini na saba kwa saa, usiku na mchana, ikiwa imenyooka. Nyuma yake ilibaki mstatili wa udongo mkavu wenye safu za vyungu, midomo juu, na wanawake waliokuwa mama wa watoto wale walivifunika kwa majani ya migomba ili mvua isiingie. Wanaume walikutana kwa sababu nyumba ilikuwa imeelekea kwenye mashamba ya mpunga yaliyopangwa kama ngazi mlimani, na kuta za mawe za mashamba yale haziwezi kujengwa upya katikati ya msimu. Walikata misonobari minne na kuilaza mbele yake kama kizuizi. Nyumba ilikunja kona taratibu, ikashika barabara.

"Hata nyumba imepata kazi mjini," alisema mzee Tayaban. "Mimi kila mwaka naambiwa nafasi zimejaa."

Leseni haikutoka ndani ya siku kumi. Perpetua alipanda hadi kwenye mlima wenye mtandao, akapiga simu idarani. Karani alimjibu kwa adabu kwamba faili limekamilika isipokuwa sehemu ya anwani. Nyumba iliyo barabarani haina anwani, na leseni haiwezi kutolewa kwa mahali pasipo na anwani. Alimshauri asubiri nyumba itulie. Utepe wa njano ulibaki mlangoni, ukipepea.

Nyumba ilikuwa na upana wa mita tisa, kwa hiyo ilijaza barabara. Magari yote mawili ya Amdalao yalikuwa yamekwama upande wa chini, yakichukua abiria waliopita ubavuni mwa nyumba kwa miguu. Jovelyn alikuwa amekusudia kushuka kwa shangazi yake Lagdaw katikati ya Agosti. Uchungu ulimshika tarehe tano, saa kumi na moja alfajiri, wiki tatu kabla ya wakati. Siku hiyo nyumba ilikuwa kwenye kilomita ya kumi na nane.

Sheria ya mji ilikataza kuzalia nyumbani. Perpetua alifika na beseni, taulo na mikasi iliyochemshwa.

"Nitakuzalisha hapahapa, ading, mdogo wangu. Cheti changu wakichukue."

"Mfuko wa hewa unao?"

"Uko kwenye nyumba."

"Basi twende kwenye nyumba," alisema Jovelyn, akavaa viatu.

Walimbeba kwenye blanketi lililofungwa kwenye mwanzi, wanaume wanne kwa zamu, Perpetua ubavuni. Barabara ilikuwa imelainishwa na nyumba iliyotangulia, bila jiwe wala shimo, na wabebaji walisema hawajawahi kupita njia nzuri kama ile. Walifika kilomita ya kumi na nne saa tano kasorobo. Hapo mtoto alikuja, kando ya rundo la kokoto za idara ya barabara. Alikuwa wa kike, mkubwa wa kutosha kwa wiki zake, na hakupumua.

Perpetua alimsafisha mdomo, akampulizia kwa mdomo wake mwenyewe, pumzi ndogo, akihesabu kwa sauti. Wilmer, mume wa Jovelyn, alikuwa ameshaanza kukimbia. Kilomita nne za mteremko zilimchukua dakika kumi na nane. Alikata utepe, akaingia kwenye korido pana, akauona mfuko ukutani mahali ambapo mkewe alimwambia upo. Aliuvuta. Alivuta tena akiwa ameweka mguu ukutani. Alitoka, akachukua jiwe, akarudi, akapiga vile vyuma, na nyumba iliendelea kwenda naye ndani huku akipiga. Vyuma havikulegea, kwa sababu kifungu cha kumi na moja kilisema visiondolewe. Aliporudi kilomita ya kumi na nne mikono yake haikuwa na ngozi viganjani. Perpetua alikuwa ameacha kuhesabu kitambo. Jovelyn alimtazama mumewe mikono.

Nyumba ilifika Lagdaw tarehe sita Septemba, siku ya sitini, ikasimama kwenye uwanja wa majani kilomita moja na mita mia tisa na sitini kutoka hospitali. Leseni ilitoka Jumatatu iliyofuata. Kwa kuwa viwango vinataka mkunga mwenye cheti awepo saa zote za kazi, Perpetua alihamia huko na kupanga chumba.

Mwishoni mwa Septemba Jovelyn na Wilmer walishuka mjini kuandikisha mtoto, kwanza kuzaliwa, kisha kufa. Karani wa usajili alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri. Alisoma fomu kwa sauti: hospitali, kituo cha kujifungulia, au nyumbani.

"Barabarani," alisema Jovelyn.

"Barabarani hapamo, Manang."

"Ndipo alipozaliwa."

Karani alisema anaelewa. Alitafuta kwenye fomu nafasi ya maelezo ya ziada, hakuipata. Aliandika nyumbani. Kisha, kwa sababu kuzalia nyumbani kumekatazwa, alitoa karatasi nyingine, ya onyo, akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi. Jovelyn aliisoma yote kabla ya kusaini.

Walikuwa na saa moja kabla ya gari la kurudi. Wakapita kituoni. Perpetua aliwakaribisha kwenye benchi la korido, akawapa maji na vipande vya kiazi kitamu. Chumba cha kujifungulia kilikuwa wazi, shuka zimetandikwa, hazina mkunjo. Jovelyn alisimama mlangoni pake, hakuingia.

"Wamezaliwa wangapi hapa, Manang?"

"Hakuna, ading."

"Tangu ifike?"

"Tangu ifike. Wa hapa wanakwenda hospitali. Iko karibu."

Jovelyn alimaliza kiazi, akashukuru. Gari la Amdalao liliondoka saa saba. Ndani walikuwamo wanawake wawili wajawazito waliokuwa wameshuka mjini kupima, mmoja miezi mitano, mwingine minane. Yule wa miezi minane alisogea, akampisha Jovelyn upande wa dirisha.