Kiti cha Mtahini wa Tatu

Nguruwe wawili walikuwa wameshaanza kugeuzwa motoni nyumbani kwa Penisimani pale Shangazi Toakase alipoharibu mambo kwenye mlango wa chuo.

Hakukusudia. Alikuwa amevaa ta'ovala aliyorithi kwa mama yake, mkeka laini wa kiunoni, na alikuwa akimpa mkono kila aliyeingia kana kwamba chuo ni chake. Seluvaia, binti wa kaka yake, mkunga, alikuwa anatetea tasnifu yake ya shahada ya uzamili asubuhi ile. Masomo yote alishapita. Mitihani alishafanya. Tasnifu yenyewe ilishasomwa na watahini wawili wa ng'ambo, wakaipitisha. Lilibaki sharti moja: kukaa mbele ya jopo la watu watatu, mlango wazi, aulizwe na ajibu. Na lazima iwe leo. Muhula ulikuwa unafungwa leo. Asiyetetea leo angejiandikisha upya kwa mwaka mzima, na nafasi ya mwalimu mkuu wa wakunga pale hospitali, iliyodai shahada hiyo, ingekwenda kwa mtu mwingine.

Penisimani, kaka yake Seluvaia, alikuwa nje kwenye pikapu. Mwanamume hasikilizi mambo ya uzazi mbele ya dada yake. Hata televisheni ikionyesha watu wanabusiana, mmoja wao hutoka sebuleni. Tasnifu ilihusu akina mama wanaojifungulia visiwa vya mbali, basi mahali pake yeye palikuwa kwenye pikapu, na hakulalamika. Alikuwa ameleta watu, angewarudisha, na katikati angengoja.

Akamwona mtahini wa tatu, Dokta Kelepi, akipanda ngazi. Mtu wa kisiwa cha Vava'u, aliyekaa Australia miaka mingi na kurudi juzijuzi tu.

"Wewe mtoto wa nani?" Shangazi akamuuliza.

"Wa Sitiveni, mama. Wa kule Neiafu."

"Sitiveni wa Manusiu?"

"Huyohuyo."

Shangazi akamshika mashavu yote mawili. "Manusiu ni dada wa mama yangu, tumbo moja. Mtoto wewe, unamtahini dada yako na hata hujasema."

Penisimani aliliona tabasamu la Dokta likizimika. Kwenye karatasi za chuo Seluvaia aliandikwa kwa jina la mumewe, na Kelepi aliisoma kazi yote kama kazi ya mtu baki. Sasa alikuwa na dada, kwani kwao binamu ni ndugu kamili, na ndani ya begi lake alikuwa na maswali ambayo kaka hawezi kumuuliza dada yake hata akiwa amelewa.

Alirudi nyuma ngazi moja. "Siwezi kuingia."

Mkuu wa idara, mama wa Kinyuzilandi, akatoka kujua kuna nini. Alipoelezwa alisema hapa ni chuoni, watu wazima wanaweza kuweka mambo ya nyumbani kando kwa saa moja.

"Mimi naweza kuweka kando ya kwangu," Kelepi akasema. "Ya kwake siwezi."

Seluvaia alisimama ndani karibu na ubao, macho chini, akazungumza kupitia kwa Shangazi. "Mwambie mkuu, Dokta akikaa hapo mimi nitakuwa bubu. Heri nianze upya mwaka ujao."

Penisimani akashuka kwenye pikapu. Viazi vikuu vya misimu minane vilikuwa vimelipa shule hii, na mgongo wake ulikijua kila kimoja. Aliuliza akiwa chini ya ngazi, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya shamba: "Sharti linasemaje hasa? Lazima awe Dokta huyu?"

Mkuu wa idara akafungua kanuni. Hapana. Alama za maandishi zilikuwa zimetimia. Kiti cha tatu kingeweza kukaliwa na yeyote mwenye shahada ya uzamili au zaidi, hata ya fani nyingine, mradi aisome tasnifu kwanza. Yeye angeweza kusogeza kikao hadi saa tisa alasiri. Zaidi ya hapo hangeweza.

Wakaanza kutaja majina. Mhandisi wa maji? "Binamu," Penisimani akasema. "Kwenye msiba wa baba alikaa upande wetu." Na binamu ni kaka, hakuna namna. Yule wa benki? Kaka. Mchungaji wa mtaa wa pili? Kaka kwa mama. Kisiwa kizima kilionekana kuwa kimemzaa Seluvaia.

"Tafuteni mwanamke," Shangazi akasema. "Mwanamke hata akiwa dada ni sawa." Akamtazama Penisimani kwa pembeni. "Lesieli anayo shahada hiyo. Aliichukua Nyuzilandi."

Penisimani akarudi hatua moja kuelekea pikapu.

Mwalimu Lesieli ndiye aliyekuwa mkuu wa shule yake. Mbele ya shule nzima aliwahi kuinua karatasi yake ya mtihani wa hesabu ili wote waione, akasema kichwa cha Penisimani kinafaa kubebea viazi vikuu tu. Penisimani aliichukua karatasi ile mkononi mwa mwalimu, akaichana, akatoka getini na hakurudi. Tangu siku hiyo akimwona barabarani anavuka.

"Mtume mtu mwingine," akasema.

"Nimtume nani?" Shangazi akauliza. "Nani mwingine ana gari hapa na ana dada anayetaka kufelishwa na kiti kitupu?"

Na shangazi akisema, mtoto wa kaka yake hajibu. Penisimani akawasha gari.

Alimkuta Lesieli kwenye ukumbi wa kanisa, amekaa sakafuni na wanawake wenzake wakibandika ngatu, ile nguo ya magome, mikono yake imejaa rangi ya kahawia hadi kwenye viwiko. Mwanamume haingii humo kazi ikiendelea. Penisimani akasimama mlangoni.

"Kuna mtu amepotea njia," mmoja wa wanawake akasema, na wengine wakacheka.

"Huyo hapotei," Lesieli akasema bila kuinua uso. "Huyo akiniona anavuka barabara makusudi. Leo barabara zimekwisha?"

"Nimekuja kukuomba, Mwalimu."

Mikono yake ikasimama. "Sema."

Akasema yote, kwa ufupi, jinsi anavyosema kila kitu. Lesieli akasikiliza, akapangusa kidole kimoja kwenye kitambaa.

"Unajua mimi huwa sipendelei mtu."

"Najua kuliko wote waliomo humu."

"Nikimfelisha?"

"Mfelishe. Lakini afeli kwa makosa yake. Asifeli kwa sababu kiti hakina mtu."

"Na wewe umekuja hivihivi, mikono mitupu, baada ya miaka yote hii?"

"Ulisema kichwa changu kinafaa kubebea viazi vikuu," Penisimani akasema. "Kimebeba. Viazi hivyo ndivyo vilivyomfikisha kwenye mlango ule. Leo havina msaada, ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Lesieli akainuka taratibu, akishika goti. "Iko wapi hiyo tasnifu?"

"Kwenye gari. Iko ndani ya bahasha, sijaifungua."

"Ilete. Nitaisoma humuhumu, mpaka mwisho. Mimi sikai kwenye kiti kama mto."

Akaisoma kwenye pembe ya ukumbi, miguu ameikunja, wenzake wakiendelea kupaka gundi. Penisimani alingoja kwenye pikapu na kusikia kurasa zikigeuzwa. Mara mbili alimsikia akiguna. Hakujua ni guno la namna gani, na hakuthubutu kuuliza.

Saa tisa kamili Lesieli aliingia kwenye chumba cha utetezi, mikono yake ingali ya kahawia, akaketi kwenye kiti cha tatu. Dokta Kelepi alishamwachia maswali yake. Kisha Dokta akatoka nje, akatazama huku na huku kama mtu asiye na kwao, na mwishowe akafungua mlango wa pikapu akapanda.

"Nisogee?" Penisimani akauliza.

"Nafasi ipo, kaka."

Madirisha ya chumba yalikuwa wazi. Sauti ya Seluvaia ilianza kuwafikia, nyembamba mwanzoni, kisha imara. Wanaume wawili wakatazamana. Penisimani akafungua redio, mechi ya raga, akaipandisha mpaka mlango wa gari ukatetemeka. Wakakaa hivyo, mkulima na daktari wa falsafa, wakijiziba masikio kwa raga wasimsikie dada yao akifanya jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa na ukoo.

"Kazi yake nimeisoma," Kelepi akasema kwa kelele. "Nataka kukwambia kwamba..."

"Usiniambie."

"Sisemi kilichomo. Nasema tu nimesoma nyingi, kule na huku."

"Eeh?"

"Hiyo iko juu."

Penisimani akatazama mbele kwenye kioo. "Hilo sasa unaruhusiwa kusema," akasema.

Mechi iliisha, na hakuna aliyejua nani ameshinda. Ndipo Shangazi Toakase akatokea mlangoni akicheza, mikono hewani, makalio yakipiga mkeka wake wa kiunoni huku na huku kama msichana mtundu, na nyuma yake watu wakipiga makofi. Hakuhitaji kusema kitu. Penisimani akazima redio. Alitaka kupiga honi, mkono ukakataa. Akabaki ameushika usukani kwa nguvu.

Lesieli alikuja hadi kwenye dirisha la gari. "Amepita. Masahihisho madogo, wiki mbili."

"Asante, Mwalimu."

"Usinishukuru. Swali langu la mwisho lilikuwa la kumwangusha. Nilitaka nione." Akatikisa kichwa. "Hakuanguka. Alinigeuzia nikajibu mimi." Akaanza kwenda, kisha akarudi. "Ile barabara sasa uache kuivuka. Magari ni mengi, utakufa bure."

"Tutaona," Penisimani akasema, lakini alishuka kumfungulia mlango. Kelepi akahamia nyuma kwenye bodi bila kuambiwa.

Seluvaia akapita na Shangazi, mashada ya maua yamemfika masikioni. Hakumtazama kaka yake usoni, wala kaka yake hakumtazama. Dada alisimama kwa umbali wa heshima, akamwekea tasnifu juu ya boneti, akaenda zake kwa wanawake.

Penisimani akaichukua. Akaipima mkononi, kama anavyopima kiazi kikuu kabla ya kukitajia bei. Hangeifungua kamwe, leo wala siku ya kufa kwake. Mke wake angeiweka kabatini, juu ya Biblia au chini yake, hilo wangebishana. Na mgeni yeyote wa kiume wa ukoo angeonyeshwa jalada, akimaliza kuliangalia arudishe.

"Nzito," akamwambia Lesieli, akaiweka mapajani pake aishike vizuri, kisha akaendesha taratibu kuelekea kwenye nguruwe.