Jiwe la Kupandia Mlima

Kila walipofika chini ya mlima wa nyumbani kwao, mama yule alishuka garini na jiwe lake. Gari lilipanda likikohoa, yeye akalifuata kwa miguu. Likitaka kuzimika anasukumia jiwe nyuma ya gurudumu, mumewe anavuta pumzi, safari inaendelea. Miaka nenda miaka rudi. Magoti yake yalikuwa yamechoka hata kulalamika.

Siku hiyo difu ya gari, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa imekufa, na mzee wake, dereva mstaafu, alikuwa naye gereji akichagua nyingine. Fundi alikuwa nazo mbili, zimetolewa kwenye magari mabovu.

"Hii ni ya mwendo," akasema, "ila mlimani itawasumbua kuliko hata hiyo iliyokufa. Hii nyingine ina nguvu, mlima inautafuna, lakini barabarani mtapitwa na kila mtu."

"Ya mwendo," mzee akasema. "Nimepitwa vya kutosha."

"Na mlima, baba watoto?" mkewe akauliza.

"Mlimani si tuna jiwe lako?"

Fundi akacheka. Mama naye akacheka, maana kununa kunataka nguvu.

Fundi akaitia difu ya mwendo alama ya chaki, akaandamana na mzee kwenda kunywa chai. Mama akabaki amekalia ndoo, akizitazama. Zote nyeusi, zote zimelowa grisi, kama mapacha waliokosa kuogeshwa. Akainuka kwa kujikongoja, akaifuta ile alama kwa pindo la gauni, akaokota chaki ya fundi, akaichora kwenye ile nyingine. Kisha akarudi kwenye ndoo yake, mpole kama mgeni.

Fundi aliporudi akaitazama alama, akavitazama vidole vya mama.

"Mama, umeshika chaki," akamwambia kwa sauti ya chini, akampa kitambaa. Akaifunga difu yenye alama.

Walipotoka, injini ilinguruma kama inafukuzwa. Mshale wa spidi wa gari lile hupimia kwenye giaboksi, kwa hiyo haukuwa na habari kuwa huko nyuma magurudumu sasa yanazunguka polepole kuliko zamani. Ukapanda, ukapanda, mpaka mzee akanyoosha mgongo.

"Tisini," akasema. "Unaona, mke wangu? Tisini."

"Naona."

Lori lililojaa mchanga likawapita. Mzee akalisindikiza kwa macho.

"Huyu naye atajiua."

"Acha tu," mkewe akasema.

Walipofika mlimani mkono wa mama ukaenda mlangoni wenyewe, kwa mazoea. Gari halikukohoa. Likaukamata mlima taratibu, bila kusita, na mkono ukarudi mapajani, juu ya jiwe.

"Sijui fundi amefanyaje," mzee akasema walipofika mlangoni kwao. "Mwendo inao, na mlima inapanda."

Mkewe alikuwa amelala, mdomo wazi, amefika nyumbani akiwa amekaa kwa mara ya kwanza tangu wanunue gari lile.

Mzee akazima injini. Akamtazama kidogo, kisha akalitoa jiwe mapajani pake polepole asije akamwamsha, akashuka mwenyewe kuliweka nyuma ya gurudumu.